Pango Chini ya Nyumba ya Aston

Mzee aliteremka ngazi za stoo ya chini kinyumenyume, uso ukielekea ukutani, huku akinung'unika. Alimnung'unikia fundi aliyezijenga nyumba zile za Aston, mtaa wa Birmingham, zilizobanana kama meno, akayanung'unikia magoti yake, na alipofika kidato cha mwisho alimnung'unikia Mungu, ambaye kwa maoni yake angeweza kabisa kuchagua kukaa sebuleni penye hita. Kisha alitulia, akavua ndala, akainamisha kichwa ingawa dari halikumkaribia hata kidogo, na akawa mtu mwingine.

Kuinama kule kulikuwa mazoea ya pango. Huko Mombasa, alikokaa hadi akawa mtu mzima, kuna pango la matumbawe kando ya bahari ambalo Wahindu wa mji wamelifanya hekalu tangu zamani ambazo hakuna aliyeweza kunieleza zinaanzia wapi. Mlango wake ni mfupi, hata mtu mfupi huingia ameinama. Alisema mlango ule ndio uliokuwa kuhani wa kwanza: ulikuinamisha kabla hujakumbuka umekuja kuomba nini.

Sisi Wakenya wa mitaa ile tulimwita Mzee wa Pango. Jina lake nalijua, lakini yeye mwenyewe alilipenda hili zaidi.

Nilikuwa mhudumu wake wa asubuhi kwa miaka kadhaa. Kazi yangu ilikuwa kumsaidia kuoga, kumpa dawa na chai, kumtayarishia chakula cha mchana, kisha kukimbilia nyumba nyingine. Ni vyema niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuujaribu. Nikifika kituo cha basi naliona jiko la gesi likiwaka kichwani mwangu, narudi tena. Kuandika nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba na kwa kufuta, na hata kurasa hizi nimezifuta sana. Nahofia atakayezisoma aseme nimekosea juu ya dini isiyo yangu. Mimi ni Mkristo, mama yangu ni mzee wa kanisa kule Kitale, na aliposikia kwenye simu kwamba kila asubuhi nashuka ngazi na mtu anayekwenda kuomba mbele ya jiwe, aliniuliza kama kanisa bado nalikumbuka. Nilimwambia nasimama pale tu kama mtu anayemshikia mwenzake mwavuli.

Stoo ile hapo zamani iliwekwa makaa ya mawe. Katika kona yake moja maji yalidondoka kutoka darini, kiangazi na kipupwe, tone baada ya tone, na chini ya matone hayo mzee alikuwa ameweka jiwe jeusi, laini, lenye umbo la yai, limekaa katika sahani ya jiwe yenye mdomo upande mmoja. Lilikuwa la mama yake. Asubuhi ya kuondoka Mombasa mama huyo aliliingiza pangoni, akaliweka mahali maji yanapodondoka, akaliacha linywe, kisha akalifunga katika kanga na kusafiri nalo.

Hii ndiyo ibada yenyewe, kama nilivyoielewa. Shiva, mungu anayewakilishwa na jiwe lile, huogeshwa. Mahekalu mengine huning'iniza chungu cha shaba chenye tundu dogo juu ya jiwe ili maji yasikatike, na pasipo na chungu mtu humwaga kwa mkono. Lakini pangoni hakukuwa na haja ya chungu wala mkono. Dari lenyewe lilidondosha, na matone yale yalikuwa yameotesha mawe sakafuni yaliyosimama kama vidole, ambayo hakuna mtu aliyeyachonga. Watu walileta maua, maziwa siku ya Jumatatu, na yale majani yanayoota matatumatatu kwenye kikonyo kimoja. Lakini kazi ya kuogesha ilikuwa ya mwamba. "Wewe waenda kusimama tu," aliniambia. "Ushafanyiwa."

Nadhani ndiyo sababu alilipenda. Alikuwa mtu aliyechoka. Alichoka nilipomkuta na alizidi kuchoka nikimwangalia, na hakuona haya kusema. Ukimwuliza hali, wengine husema nzuri tu hata wakiwa wanazirai. Yeye alisema, "N'shachoka, mwanangu. Mimina chai."

Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa hasa, na changu kilimchekesha. Aliniita Bara, kwa kuwa ndiko nilikotoka.

"Weye Bara, Kiswahili chenu chakwaruza. Mwazungumza kama mtu atafunaye mchanga."

"Lakini unaelewa, Mzee."

"Naelewa. Hata mbwa akibweka naelewa."

Kisha alicheka hadi akakohoa, na kikohozi chake hakikuwa cha kuchekesha. Kifua kilikuwa kibaya. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba unyevu wa ile stoo ungemmaliza. Mzee alimjibu daktari kwa adabu kuu, akamshukuru, na kesho yake akateremka tini, kama alivyopaita chini.

Alikuwa na vituko vya namna hii tele. Alifunga Jumatatu kwa ajili ya Shiva, lakini nilipokuwa nikitandika kitanda nilikuta mifuko ya krisps chini ya mto. Nilipomwonyesha mmoja alisema viazi ni mizizi, na mizizi inaruhusiwa kwa mfungaji. Nikauliza kuhusu ile ladha ya kuku iliyoandikwa mfukoni. Alisema hawezi kusoma herufi ndogo namna ile bila miwani. Yeye mwenyewe alikunywa maziwa yaliyopunguzwa mafuta kwa amri ya daktari, ila ya ibada yalikuwa lazima yawe mazito, yenye kifuniko cha buluu. "Mungu hana presha," alisema.

Hakupenda mahekalu makubwa ya mjini. Aliyasifu, aliyachangia, ila hakwenda. Yana zulia, alilalamika, na mtu ana joto kutoka mguuni hadi kichwani, sasa ataomba nini?

Ubani wake pia ulikuwa na maneno. Hakutaka ule wa vijiti. Alitaka wa mawe, wa kuteketezwa juu ya kaa, na aliununua kwa Bi Mkubwa wa Kizanzibari mwenye duka la vikolombwezo karibu na kituo chetu cha basi. Nilimsindikiza siku alizojisikia kutembea, na utani wao ulikuwa uleule kila safari.

"Mzee, ubani wote huu wamfukizia nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba yako si benki?"

"Basi na benki ifukizwe, Bi Mkubwa, ipunguze ukali."

Nilipomwuliza kwa nini Mhindu afukize ubani kama watu wa pwani, alinieleza jambo nililolipenda kuliko yote aliyonieleza. Kabla kengele ya Wahindu haijatundikwa katika pango lile, wenyeji walikuwa wakiingia na ubani na marashi, wakifunga vitambaa kwenye mizizi iliyopenya darini, wakiiomba mizimu waliyoamini kuwa inakaa mle ndani. Hekalu lilipokuja, hawakuacha. Utotoni mwake aliwakuta akina mama hao wakiingia na buibui zao, wakiweka chupa za marashi pembeni mwa maua ya Wahindu, na kuhani hakuziondoa. Kuhani alisema pango lina wageni wengi, nasi tu mmojawapo. Kwa hiyo mzee aliona kufukiza vijiti peke yake ni kama kuingia nyumba ya watu na kuwasalimu nusu ya waliomo. Huku Aston, heshima hiyo iliamsha king'ora cha moshi kila mara, na ilikuwa kazi yangu kusimama juu ya kiti nikikipepea kwa taulo huku sala ikiendelea chini.

Lakini siku aliyoipenda ilikuwa siku ya mpira. Uwanja hauko mbali, na katika ukuta wa stoo, usawa wa barabara, palikuwa na tundu la hewa lenye wavu wa chuma. Timu ya nyumbani ikicheza, mashangilio yaliingia kwa tundu lile yakiwa yamepoteza maneno, yakabaki mngurumo unaokuja na kurudi. Mzee hakujua mchezaji hata mmoja. Alijua ratiba yote. Nilimkuta Jumamosi moja, nilipokuwa nimebadilishiwa zamu, ameketi gizani juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho ameyafumba.

"Sikiza," alisema. "Bahari yaja."

Nikasikiliza. Watu maelfu walikuwa wakimtukana mwamuzi. Naapa nilisikia mawimbi.

Sasa nifike kwenye mzunguko, kwa sababu ndio ulionisumbua.

Baada ya maua na maziwa, hulizunguka jiwe. Mzee hakuwa imara, kwa hiyo nilimshika mkono. Tulianzia mbele, penye sanamu ndogo ya ng'ombe dume aliyelala akilitazama jiwe, tukapita kushoto kwake polepole, tukafika nyuma, hadi pale mdomo wa sahani unapotoa maji kwenye mtaro mwembamba wa sakafuni. Mimi nikainua mguu niuvuke. Alinivuta kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Wenda wapi weye?"

"Namalizia mzunguko, Mzee."

"Haumaliziwi. Maji yatokapo hapavukwi. Wafika hapo, wageuka, warudi ulikotoka."

"Kwa hiyo tunazunguka nusu?"

"Twazunguka. Nusu ni hesabu yako weye."

Aliniambia hata pangoni ni hivyo, na katika kila hekalu la Shiva ni hivyo. Maji yaliyomwogesha Mungu yana njia yao, na mtu hayakanyagi, hayaruki, hayapiti juu. Nilielewa. Lakini siku nzima ile nilijisikia kama mtu aliyetoka nyumbani na herini moja. Kipande kile cha sakafu tusichokipita kilinikera. Kwa miezi mingi tulipogeuka pale mguu wangu ulisita wenyewe, na mzee aliuhisi, akanifinya mkono.

Alikuwa na mtoto mmoja hapa Birmingham, wa kiume, mtu mzima mwenye watoto wake, anayekaa Sutton Coldfield na anayefanya kazi Aston katika karakana ya kutengeneza viungo vya mabomba. Alikuja jioni nyingi akiwa bado na harufu ya mafuta ya mashine. Alielewa Kiswahili cha baba yake kwa ukamilifu na akajibu kwa Kiingereza, isipokuwa alipotaka kitu. Nilimwona akimkata baba yake kucha za miguu kwa uangalifu ambao hata mimi singeuweza, huku wakigombana. Ugomvi ulikuwa mmoja tu: ile stoo.

Kipupwe kimoja kifua kilikataa kabisa, mzee akalazwa. Alipokuwa hospitali, mwanawe alileta mafundi. Walikuta mfereji wa maji ya paa, yaani gata, uliopasuka ambao kwa miaka na miaka ulikuwa ukipitisha maji ndani ya ukuta hadi stoo. Wakauziba. Wakabandika plastiki kwenye kuta, wakapaka rangi nyeupe, wakaweka taa. Jiwe hawakuligusa, mwanawe alilifunika kwa kitambaa safi mwenyewe. Siku ya kumrudisha mzee nyumbani alinipigia simu nije mapema, sauti yake imejaa furaha kama ya mtu aliyeficha zawadi.

Tulimteremsha wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mzee aliinamisha kichwa kama kawaida. Kisha akakiinua. Akaitazama kona, akaitazama taa, akanyoosha mkono chini ya dari na kuukinga. Tulisimama tukiutazama ule mkono mkavu.

"Baba, ni kavu sasa," mwanawe alisema, kwa Kiswahili, jambo lililonishtua. "Ile haikuwa kitu. Ilikuwa gata mbovu tu."

"Najua ilikuwa gata."

"Ulijua?"

"Waniona mjinga? Maji ya pangoni pia yalitoka mahali. Mvua, mizizi, choo cha mtu huko juu, nani ajuaye. Hatukuuliza."

"Utakufa, Dad. Unyevu utakuua."

"Haya."

Ningependa angepiga kelele. Mwanawe alitoka nje kwenye baridi bila koti na akakaa garini muda mrefu, na mimi nikabaki nimemshika mzee mkono, nisijue nani nimwonee huruma zaidi, kwa sababu wote wawili walikuwa sawa. Kifua chake kilipata nafuu, hilo ni kweli pia. Kikohozi kilipungua ndani ya majuma machache.

Tangu hapo jiwe lilitegemea mkono. Alijaribu kumwaga mwenyewe kwa kikombe cha shaba, lakini mikono ilitetemeka, nusu ikaenda kwenye mkono wa shati. Asubuhi moja alinikabidhi kile kikombe.

"Mwagia weye."

"Mimi si wa dini yako, Mzee. Nikikosea?"

"Gata ilikuwa ya dini gani?"

Nikamwaga. Nilishika kikombe kwa mikono miwili, nikashusha tone, nikangoja, nikashusha tone, nikichunga lisianguke pembeni. Alinitazama mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Bara, wampimia dawa?"

Nilimwagia kila asubuhi ya zamu yangu, na siku nisizokuwapo sikujua nani anafanya, na sikulala vizuri. Yeye pia alilijua tatizo hilo. Hakuogopa kufa, alilizungumzia kama safari iliyocheleweshwa na uzembe wa kampuni. Alichohofia ni kwamba jiwe lile, lililowahi kudondokewa bila kuomba, sasa lingekuwa jambo la kukumbushana. Watu wangechoka, maana watu huchoka, yeye wa kwanza. Wangeanza kupeana zamu, kisha kusahau zamu, kisha lingekuwa kitu cha kuzuia mlango usigonge. "Sitaki kumwomba mtu," alisema. "Kitu ukikiomba kila siku hugeuka deni. Nataka maji yaje yenyewe."

Nyumba iliuzwa masika yaliyofuata. Mzee alihamia kwa mwanawe, na Sutton Coldfield ina wahudumu wake wengine. Mimi nilibaki Aston na wazee wengine, ambao wanapenda televisheni.

Nilikwenda kumwona Jumapili moja vuli hii, kwa treni. Mlango ulifunguliwa na mjukuu aliyenisikiliza nikimsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, akanielekeza chumba cha nyuma chenye vioo kinachotazama bustani. Mzee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mdogo kuliko nilivyomwacha. Jiwe lilikuwa mbele yake, juu ya meza ya mawe ya bustani, na ng'ombe dume amelala mahali pake. Juu yake, kwenye mkono wa chuma uliopindwa kwa ustadi, kilining'inia chungu cha shaba. Tone. Tone. Tone. Kutoka mdomo wa sahani maji yaliingia kwenye bomba jembamba, yakapita chini ya mlango wa kioo hadi kwenye maua ya nje.

"Alitoboa mwanangu mwenyewe, kule kazini," mzee alisema. "Aliharibu vyungu kadhaa. Tundu likawa kubwa, tundu likawa dogo. Hakuniambia neno. Siku moja nikaamka, nikakikuta."

"Ni kizuri, Mzee."

"Yadondoka sawasawa mno. Kama saa. Pangoni hakukuwa na saa." Akakitazama. "Usimwambie."

Niliuliza nani hukijaza. Ni swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu kituo cha treni.

"Sijui," alisema. "Mimi sijazi, na hakikauki. Usiniulizie."

Aliniomba tuzunguke. Nikakisukuma kiti kutoka penye ng'ombe, kushoto, nyuma ya meza, hadi kwenye lile bomba jembamba sakafuni. Magurudumu yangelivuka bila taabu. Nikasimama, nikakigeuza kiti, na tukarudi tulikotoka. Hakuhitaji kunifinya mkono. Sina hakika kama aligundua. Alikuwa amefumba macho.

Hakukuwa na mpira siku hiyo, na hata ungekuwapo, usingesikika kule. Jua lilipoanza kuiacha bustani nilimfunika blanketi, nikalinyoosha, nikalinyoosha tena.

"Bara. Wacha. Enda, treni itakuwacha."

Nilikuwa ukumbini nikivaa viatu niliposikia mdundo umebadilika. Tone, kisha kimya kirefu. Tone. Chungu kilikuwa kinaisha. Niliweka mkono ukutani. Mwili wangu wote ulikuwa umeshageukia kile chumba.

Jikoni bomba likafunguliwa. Maji yaliingia katika kitu cha chuma, sauti ikipanda kadiri kilivyojaa, kisha likafungwa, na nikasikia nyayo za polepole, za mtu abebaye chombo kilichojaa hadi ukingoni. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi nusu. Hatua moja ingetosha kuona ni nani.

Nilifungua mlango wa mbele, nikatoka, nikaufunga mara moja tu.